Panya Waliogeuzwa

Siku yangu ya kwanza kazini niliogeshwa kama mwali. Maabara ilikuwa nje kidogo ya Mpanda, njia ya Magamba, na hukuingia chumba cha panya kabla ya kuoga na kuvaa ovaroli safi, barakoa na glavu. Nikashuku papo hapo. Nyumbani panya tunawatega. Hapa mtu mzima anaoga kwa ajili yao?

Mkuu wa Maabara, mtu mpole asiyependa maswali, alinieleza. Panya wale walizaliwa wakiwa na jeni za binadamu zinazoongoza kinga ya mwili, badala ya zao wenyewe. Hivyo wataalamu waliona kinga yetu inavyopambana na maradhi bila kumfanyia mtu majaribio. Kazi yangu ilikuwa kuwalisha, kubadili maranda ya vizimba na kuwakata alama sikioni, maana walifanana mno.

"Hizo jeni zilitoka kwa nani?" nikauliza.

"Si za mtu fulani, bwana."

Jibu hilo sikulipenda. Kitu cha mtu kina mwenyewe.

Mambo yaliharibika kwenye mkutano wa kijiji. Mkuu alisimama akatangaza kwa furaha, "Panya hawa tumewageuza. Sasa wana ubinadamu ndani yao!" Huku kwetu kugeuza ni kazi ya wachawi: mtu hugeuzwa msukule akalimishwa mashamba ya watu. Hakuna aliyepiga makofi.

Kesho yake akaja Mama Joachim, mjane wa Magamba. Mwanawe wa pekee alikwenda machimbo ya dhahabu, hakurudi. Nikampeleka kwenye dirisha la kioo ajionee, roho itulie.

"Huyu sikio limechanika," akasema. "Joachim alichanika sikio hilohilo. Nyie mmemfanya nini mwanangu?"

"Hapana, mama. Huyo nimemkata mimi mwenyewe."

Akanigeukia polepole. "Kumbe ni wewe."

Lisemwalo lipo, wakasema majirani zangu mtaani Shanwe, na misibani nikawa nakaa peke yangu kwenye mkeka. Iliniuma sana. Nikamfuata mama yule kwake, nikamweleza habari za jeni na kinga tangu mwanzo. Alisikiliza vizuri tu.

"Basi hicho cha mtu kilichomo ndani ya panya, ni cha nani?"

Nilikuwa na jibu moja, lile la Mkuu. "Si cha mtu fulani, mama."

"Hata machimboni waliniambia hivyo. Eti mtu huyo hayupo."

Sasa nimestaafu. Utafiti ulipokwisha, panya wote walichomwa sindano ya kuwaua, ndio utaratibu. Nyie vijana mnaoingia kazi hii, panya watawazoea upesi. Angalieni mnavyosema na watu. Mimi mpaka leo sijaridhika na jibu la Mkuu.

Mama Joachim bado hupita kwangu akienda sokoni. Husimama mlangoni, haingii, humwulizia yule wa sikio.

"Hajambo?"

"Hajambo, mama," naitikia.