Delwyn na Miche Iliyokwisha Upesi

Kila mtu kwenye kambi yetu ya kupanda miti, kaskazini mwa mji wa Prince George, Kanada, alijua kwamba Delwyn Pasichnyk ni mwizi. Tulichokosa ni ushahidi tu, na kukosa ushahidi hakujawahi kumzuia mwanafunzi wa chuo.

Sheria ya gari letu ni kongwe kuliko sisi: aliyepanda miche mingi jana ndiye anayechagua muziki asubuhi ya leo. Mwanzoni mwa kiangazi alikuwa akichagua Corbin, anayesomea uanasheria, na tulikuwa tukifika kazini tungali watu. Kisha Delwyn akaanza kumpita. Huyu Delwyn ana kipindi kwenye redio ya chuo chao kule Saskatoon. Hupiga nyimbo za magitaa ya kufoka na kuwasimanga wanaopenda nyimbo laini laini, ambazo huziita uji wa watoto. Basi asubuhi, hata kahawa haijashuka vizuri, tunangurumiwa masikioni na mtu anayeimba kama anang'olewa jino.

Tukaanza kumchunguza. Mbona kila siku anaomba kona ya mbali, kule kwenye dubu? Mbona sisi tukiwa peke yetu hupiga makelele ili dubu ajue tupo, na yeye hasikiki? Mbona anarudi na mifuko ya kiunoni mitupu, wakati sisi hata nusu hatujafika? Corbin alikuwa na jibu: anafukia miche mafungu mafungu chini ya magogo, ahesabiwe na kulipwa kana kwamba ameipanda. Mimi, niliyeacha chuo na kwa hiyo nina muda wa kufikiri, niliafiki. Ukishikwa umefukia unafukuzwa papo hapo, na hakuna kambi nyingine itakayokupokea.

Corbin alimshtaki kwa Nadine, msimamizi wetu, wakati wa chakula, mwenyewe akiwepo. Nadine hakuinua macho kutoka kwenye maharage yake.

"Delwyn, mdogo wangu, umefukia?"

"Sijafukia."

"Haya. Kesho utapanda mbele yangu."

Delwyn akabadilika rangi. Akaomba aangaliwe kwa mbali. Akaomba sisi wengine tusiwepo. Kila ombi lilimzamisha zaidi, na Corbin alikuwa ameshaanza kupanga nyimbo zake.

Asubuhi tulijipanga kando ya barabara kama watu waliokuja harusini kwa ajili ya pilau. Delwyn akaanza, na alipanda kama bibi anayetafuta miwani yake. Sepeto huku, mche kule.

"Hii ndiyo kasi yako?" Nadine akauliza. "Kafungashe hema lako."

Delwyn alimtazama, akatutazama na sisi. "Kuna kitu inabidi nifanye," akasema, "na nyinyi mbwa mtanikumbusha mpaka nife."

Akafumba macho, akaimba. Ulikuwa wimbo wa lile kundi la wasichana wenye viatu vya kung'aa, wimbo ambao hata mdogo wangu wa darasa la sita anauona wa kitoto. Kwenye "moyo" sepeto lilizama, kwenye "wangu" mche ukashuka, kwenye "oo" kisigino kikashindilia. Wimbo ukashika kasi, naye akashika. Kwenye kiitikio alizungusha nyonga, kwa sababu, kama alivyotueleza baadaye bila kuulizwa, bila nyonga hatua haifiki.

Hakuna aliyecheka mpaka mfuko ulipokwisha. Nadine alipita akivuta mche mmoja mmoja. Hakuna uliong'oka.

"Na kule kwenye dubu ulikuwa unaimba hivi hivi?"

"Kwa kunong'ona. Nina heshima yangu, hata kwa dubu."

Kesho yake akachagua muziki, haki yake. Akaweka magitaa yale yale, uso mkavu, na sisi tukaimba kiitikio cha wasichana juu ya ile kelele, Corbin akiongoza.

Septemba wote walirudi vyuoni, isipokuwa mimi. Jumamosi huwa nafungulia kipindi chake kwenye simu. Bado anausimanga uji wa watoto, na wasikilizaji wanamwamini. Mimi nasogeza sikio. Chini ya meza yake kuna kisigino kinagonga sakafu, na hakiendani kabisa na yale magitaa.