Uji wa Mdogo Wangu

Kila nisikiapo harufu ya uji wa wimbi, huiona nyumba yetu ya kupanga kule Riruta. Mdogo wangu wa kike alikula sana lakini akazidi kukonda, na nilipombusu, midomo yangu ilibaki na chumvi.

Jirani alimuuliza mama, "Kwani huyu mtoto humlishi?"

Kwa aibu, mama alinigeukia mimi. "Ni wewe unamkulia uji! Fungua mdomo ninuse."

Nilichapwa mara kwa mara, hadi tulipomzika mdogo wangu.

Juzi mtafiti wa magonjwa ya tumbo ya watoto alinieleza kwamba upo ugonjwa wa kurithi unaouzuia mwili kufyonza chakula, na dalili yake ni jasho lenye chumvi nyingi. Jioni hiyo mama, mzee sasa, alimwomba tena Mungu anisamehe uji ule. Ningeweza kumweleza. Niliitikia amina.