Odeta na Viazi Vilivyoitwa GMO

Mimi na Odeta tunauza kwenye meza zinazopakana sokoni Mkuyuni, mimi nyanya na vitunguu, yeye kifungua kinywa, kwa hiyo nikisema namjua, namjua. Ni Mjita aliyeolewa na Wasukuma wa Mkolani, na ana ukaidi ambao ukiupata kwa mkwe utalia, ukiupata kwa jirani utamshukuru Mungu. Zamani alikaanga maandazi na chipsi kama wenzake. Siku moja kliniki, alikompeleka bintiye Selina, nesi akamweleza habari za viazi lishe, vile ambavyo ndani ni rangi ya chungwa, kwamba vina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Odeta akatafuta marando, yaani mashina ya viazi ya kupandia, akapanda shamba zima, akaachana na karai la mafuta. Tangu hapo ukifika kwake asubuhi unapata viazi vya kuchemsha, maharage, mchicha na dagaa. Wabeba mizigo walinung'unika kidogo, halafu ikawa hawabanduki.

Mambo yaliharibiwa na sauti moja ya WhatsApp. Mtu asiyejitaja jina anasema viazi vya rangi ya chungwa ni GMO, vimetengenezwa maabara, vinakausha kizazi. Ikapita kundi la soko, ikapita kundi la kwaya, ikafika hadi kwa mawifi zangu Ilemela. Ukiwauliza huyo msemaji ni nani, wanakujibu lisemwalo lipo. Nilikasirika mpaka nikawa nawapunja wateja nyanya bila kukusudia. Wanaume wazima, wamekula kwa Odeta tangu masika na wake zao nyumbani ni wajawazito, leo wanapita wanaangalia pembeni eti wanaogopa kukauka kizazi.

Wateja angewavumilia. Kilichomvunja nguvu ni mama mkwe wake, Kashindye. Huyo mama kwa viazi ndiye mahakama ya Mkolani. Matobolwa yake, vile viazi vinavyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani, hakuna nyumba isiyoyajua. Akisema kiazi hakifai, hakifai. Basi akamwita Odeta akamwambia, "Mama Selina, sina ugomvi na wewe. Lakini hivyo viazi sivitaki kwenye ardhi ya wazee. Jumapili ukoo ukikaa, vitang'olewa." Mumewe Odeta, Shimba, alitazama miguu yake. Kwa mama yake yule, hata mimi ningetazama yangu.

Shamba lile ndilo lililokuwa linalisha meza ya Odeta. Likienda, anarudi kwenye karai, au anarudi kwao. Alikuja kwangu akalia vizuri, akajifuta kwa ncha ya khanga, kisha akaniuliza, "Rebeka, na kama ni kweli?"

Hapo nilimheshimu zaidi. Mimi nilikuwa najiandaa kutukana watu, yeye anataka kujua. Nikamwambia kuuliza si ujinga, nenda.

Akafunga meza, akaenda kwenye kituo cha utafiti wa kilimo ambako marando yake yalianzia. Alipokewa na mtafiti anaitwa Elias, kijana mpole, akampitisha mashambani. Akamwonyesha jinsi wanavyochukua unga wa ua la kiazi kimoja na kuupaka kwenye ua la kingine, wakapanda mbegu, wakabakiza miche mizuri na kutupa mingine, mwaka hadi mwaka. Vya GMO, alimwambia, ni vile ambavyo wataalamu wamebadilisha vinasaba vyake maabara, na hivi havikupita huko. Odeta akamkazia macho. "Na kama vingepita huko?"

"Ungestahili kuambiwa," Elias akasema. "Kitu hakiwi sumu kwa sababu kinaitwa GMO, wala hakiwi salama kwa sababu mimi nimesema. Unauliza kimepimwa vipi, halafu unaamua mwenyewe."

Jumapili nilijialika. Sinia la viazi lilikuwa katikati ya uwanja, hakuna mkono uliolisogelea. Mzee Maige, shemeji yake Kashindye, akasema, "Toa sumu." Kwetu pombe hainywewi mpaka mwenye mtungi apige funda la kwanza watu wakiona, na yeye akaileta sheria hiyo kwenye viazi. Odeta akamega, akala, akampa Selina akala. Nikadhani yamekwisha.

"Baba, sumu nimetoa," akasema, "lakini hilo halijawajibu. Mnachouliza ni mbegu imetoka wapi." Akamgeukia mama mkwe. "Mama, ile mbegu yako ya viazi vyeupe uliipataje?"

Kashindye akashangaa kuulizwa. "Mwaka wa ukame. Shamba lote lilikauka, tuta moja likabaki kijani. Nikakata marando ya tuta lile, ya matuta mengine nikawapa ng'ombe."

"Ukachagua."

"Nikachagua, ndiyo."

"Nao walichagua, mama. Kabla ya kuchagua walioanisha maua, basi. Nimekwenda nimeona kwa macho yangu. Ningekuta vimetoka maabara ningekuja kukwambia vilevile, tukaamua pamoja."

Nikasogea mbele kama vile shamba ni langu. Kashindye akauliza taratibu, "Na kwa nini hukuja kwangu kabla ya kupanda?"

"Nilikuogopa, mama."

Shimba alicheka wa kwanza, akajifanya anakohoa. Kashindye akachukua kiazi, akakivunja, akakinusa, akatafuna huku amefumba macho. Alikaa nacho mdomoni muda mrefu kweli, yule mama ana roho mbaya. Hatimaye akasema, "Ni laini. Ukikata vyembamba matobolwa yatavunjika. Kata vinene, nitakuonyesha." Kisha akamsogezea Mzee Maige sinia. "Hakuna kitu kitakachong'olewa hapa. Kula."

Nilimkumbatia Odeta mpaka khanga ikamvuka.

Jumatatu asubuhi Kashindye alitokea sokoni amevaa kitenge cha kanisani. Akaketi kwenye benchi la mbele kabisa, ambapo kila apitaye lazima amwone, akaagiza sahani akala bila haraka. Revocatus, mpiga debe, alikuwa anapita na soda yake ya asubuhi. "Bibi, na wewe unakula GMO?"

"Mimi hiki nimeuliza kilikotoka," Kashindye akasema. "Wewe hiyo ya chupa ulimuuliza nani?"

Meza zote zikaangua kicheko, mimi nikamwaga nyanya. Revocatus akaitazama chupa, akaitazama sahani ya Kashindye, akavuta benchi.

"Mama Selina," akasema kwa sauti ndogo, "niwekee na maharage."