Mashine Imejenga, Mimi Nimekaa Nje

Naikumbuka siku ambayo bibi yangu mzaa baba aligoma kuingia ndani ya nyumba mpya. Nilikuwa msichana anayeanza kujitambua, naweza kubeba ndoo ya maji kichwani bila kuishika, basi najiona mtu mzima. Tulikuwa tumehamishiwa kijijini, huku huku upande wa Ikungi ninakoishi mpaka leo, na baba alikuwa amejenga nyumba ya tofali na bati, ya kwanza katika ukoo wetu. Watu walikuja kuitazama. Bibi naye akaja, akaizunguka, akaupapasa ukuta, kisha akarudi akakaa chini nje, mzigo wake wa nguo mapajani.

Baba akamfuata. Mwanangu unayenisikiliza, baba yangu alikuwa hodari wa kueleza. Alimweleza kwamba bati halivuji, kwamba mchwa hawali tofali, kwamba sasa hatapanda tena juu ya tembe kuzibaziba udongo kila mvua zikikaribia. Kama huijui tembe, ni nyumba yetu ya zamani, ndefu lakini fupi kwa kimo, kuta za miti na udongo, na paa lake ni bapa, udongo uliotandazwa juu ya miti. Baba alieleza mpaka jasho likamtoka. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu, kisha akasema:

"Umemaliza kuisifia nyumba. Sasa niulize mimi."

Baba hakumuuliza. Labda alidhani anatukanwa, labda aliogopa jibu, sijui. Akaanza upya habari za bati. Jioni bibi akabeba mzigo wake, na tangu hapo akawa analala jikoni, kwenye kibanda cha nyasi, mpaka alipofariki. Mimi ndiye niliyempelekea maji ya kuoga, na sikuelewa chochote. Watu walisema ni uzee. Wengine walisema ni ukaidi, na wengine, si unajua midomo ya watu, wakasema kuna kitu kibaya kimefukiwa chini ya ile nyumba. Niliwaza mpaka nikachoka, nikaacha.

Sasa sikiliza yaliyonikuta mimi mwenyewe, na mvi zangu hizi.

Nina mjukuu anaitwa Hadija, mtoto wa binti yangu. Amesoma chuo, kazi yake ni kuchora nyumba. Mimi namwita mke mwenzangu, kama ilivyo kawaida ya bibi na mjukuu, naye hunitania hivyo hivyo, ila shikamoo yake haikosekani. Mvua zilipoangusha upande mmoja wa tembe yangu, Hadija akapiga simu. Akasema nisikubali mtu anijengee ya bati, atakuja yeye na wenzake na mashine inayojenga kwa udongo. Nilimsikia vizuri, nisichoelewa ni alichosema. Nikajibu sawa.

Walikuja kiangazi, na lori kutoka Singida Mjini. Mashine yenyewe ni mkono mmoja mrefu wa chuma, una viungo kama kiwiko na kifundo, na mpira mnene wa kupitishia udongo. Wakachimba udongo wa hapa hapa, ule wa bondeni tunaofinyangia vyungu, wakauchekecha, wakauchanganya na mabua ya mtama yaliyokatwakatwa. Mkono ukaanza kuzunguka taratibu, unakamua udongo, mstari juu ya mstari, kama mashine ya tambi. Hakuna mtu aliyeugusa. Hadija amekaa kwenye kigoda, kompyuta mapajani. Nikamuuliza nani anauambia huo mkono pa kupita. Akasema ni yeye, alishauambia tangu yuko Dar. Nikamuuliza, tangu Dar ulijuaje pa kuupitisha hapa kwangu? Akacheka. Mpaka leo sijui kilichomchekesha.

Kijiji kizima kikaja kuangalia, na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuvurugika. Kwetu nyumba ikijengwa, wanaume wanapandisha miti, wanawake wanakandika, na mwenye nyumba anapika. Sasa mimi nimpikie nani? Mashine haili. Nikapika sufuria kubwa hivyo hivyo, na togwa nikatengeneza. Watu waliokaa tu kutazama wakala, wakanishukuru, nami nikawashukuru, na sikujua tunashukuriana kwa kazi gani.

Ukuta ulipanda, ukaanza kuinamia ndani kidogo kidogo, hadi ukakutana juu wenyewe kwa wenyewe. Nyumba ikawa ya mviringo toka chini hadi kileleni, kama chungu kilichofunikwa kifudifudi. Mwajuma, jirani yangu ambaye tumezeeka pamoja, aliniambia ni nzuri. Na ni nzuri kweli, nisiseme uongo. Kuta ni mbili na katikati wameacha uwazi, jua liwake litakavyo, ukiingia ndani kuna ubaridi kama wa mtungini. Walisubiri ikauke, wakaipaka chokaa kwa nje ili mvua isiibomoe.

Hadija alikuwa amenidokeza jambo moja. Wenye ile mashine, waliomwazima, walitaka kuona kama mtu wa kijijini ataishi humo kwa hiari yake mwenyewe. Nikikaa, atajengea na wengine. Nikikataa, mkono unapandishwa kwenye lori na kazi yake inaishia pale pale. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mimi ni bibi yake, nitakataaje.

Siku ya kuhamia, wenzake wakatoa simu zao kupiga picha. Mkeka wangu ulitangulia ndani, godoro likafuata, na sanduku langu. Nikafika mlangoni, miguu ikagoma. Mwanangu, nakuambia ukweli, niliiamuru na haikutii. Nikageuka, nikaenda kukaa chini nje, mbele ya watu wote.

Hadija akaja kunieleza. Damu ya baba yangu haipotei. Akanieleza kwamba tembe moja inakula miti mingi, na mimi mwenyewe naona vilima vyetu vilivyobaki vitupu. Akanieleza habari za saruji na tofali za kuchoma, kuni na moshi unaotoka huko zinakotengenezwa. Akaeleza kwamba paa la namna hii halihitaji hata mti mmoja, na kwamba siku nyumba ikichoka itarudi kuwa udongo bila kumdhuru mtu. Kila neno nililikubali. Na kila nilipokubali, nilizidi kushindwa kuinuka. Nilijiona mjinga. Nilimwona mjukuu wangu anakaribia kulia, na sikujua ninakataa nini. Nyumba? Hapana. Mashine? Hapana, hata nilikuwa nimeanza kuizoea.

Ndipo nikamsikia bibi yangu. Sisemi mzuka, nasema nilikumbuka.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "pumzika kueleza. Niulize mimi."

"Nikuulize nini, bibi?"

"Hata mimi sijui."

Nilidhani Hadija atakasirika, na angekuwa na haki. Akaifunga kompyuta yake, akampa mwenzake, akaja kukaa chini kwenye vumbi na ile suruali yake safi. Akaniuliza nikiamka asubuhi huwa nafanya nini. Swali la kitoto kabisa. Nikamwambia nazoa majivu, nafagia, nawafungulia mbuzi. Halafu? Halafu nachukua ungo, napanda juu ya paa, naanika mlenda wangu.

Nikakwama hapo hapo kwenye neno hilo. Nikaigeukia ile nyumba, nikaangalia juu, ule mgongo mzuri wa mviringo ambao hata punje ya mtama ingeporomoka. Nikasema, "Nitaanika wapi?"

Usicheke, mwanangu. Nami nilitaka kucheka, yakatoka machozi. Juu ya lile paa bapa la tembe ndiko ninakoanika mlenda, na karanga, na mtama, mbuzi hawafiki. Nikiwa juu, Mwajuma naye yuko juu ya lake, tunaongea mpaka jua linakuwa kali. Kiangazi kikikolea na mboga mbichi zimeisha, watu wanakuja kwangu. Anakuja mkwe, anakuja mwalimu mgeni, wanakuja waliofiwa wenye wageni wengi wa kulisha. Mume sina tena, ng'ombe sina. Ule mlenda mkavu ndio unaofanya mlango wangu ugongwe. Ndani ya ile nyumba ya mviringo ningekuwa mzee anayetunzwa vizuri, basi. Hayo yote nilikuwa siyajui mpaka nilipoyasikia yakitoka mdomoni mwangu.

Hadija alifuta macho kwa kiganja chenye vumbi, uso ukachafuka.

"Nilipima kila kitu hapa, bibi," akasema. "Upepo, jua, udongo. Wewe sikukuuliza."

Kisha akaniuliza sasa afanye nini. Nikamjibu tena sijui, na safari hii tukakaa na swali hilo wote wawili. Tulikaa nalo siku kadhaa, wenzake wakinung'unika. Mwishowe mkono wa chuma ukazungushwa upande wa pili wa uwanja, ukakamua kuta nyingine nene, za kimo cha mtu, na ngazi pembeni. Juu ya kuta hizo tukapanga miti ya tembe yangu ya zamani, ile ambayo mchwa hawakuifikia, hakuna mti mpya uliokatwa. Udongo wa paa hilo bapa la kuanikia tuliutandaza kwa mikono, mimi na Mwajuma na wanawake wengine, na safari hii niliwajua wa kuwapikia. Nikalala kwenye nyumba ya mviringo usiku huo huo. Nalala humo mpaka sasa, na lori lilipoondoka lilikwenda kwa mtu mwingine, si kurudi mjini.

Lakini bado kuna kitu kinanisumbua. Nilipojua langu, nilidhani nimelijua na la bibi yangu. Kumbe sivyo. Nikikaa juu pale naanika, nafikiri huenda naye alikuwa analilia paa. Halafu nasema hapana, bibi hakuwa mtu wa kupenda kuanika. Huenda ni ng'ombe waliolala naye chini ya paa moja. Huenda ni kaburi aliloliacha tulikohama. Alikaa pale mchana kutwa, jibu liko mdomoni, anangoja swali, na hakuna aliyemuuliza. Sitalijua kamwe.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe unayesoma, unayechora, unayeamrisha mikono ya chuma. Kupunguza kukata miti ni kuzuri, na udongo wetu ni mzuri, endelea hivyo hivyo. Ila kabla hujamjengea mtu, usimuulize anataka nyumba ya namna gani, hilo wengi hatulijui. Muulize akiamka anafanya nini, kisha nyamaza, mngoje. Na ukimkuta mzee amekaa nje ya kitu kizuri ulichomletea, usimweleze uzuri wake, anauona. Kaa chini naye, hata kama suruali ni safi. Nawe ukiwa ndiye uliyekaa nje na hujui kwa nini, usione aibu kusema hujui. Sema hivyo, ukae na anayekupenda, jibu litakuja au halitakuja.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, na hiyo isiyo mikono. Akupe udongo usiopasuka na mvua za kiasi. Akuzeeshe salama, mwanangu, na siku yako ya kukaa nje ikifika, akupe mtu wa kukuuliza.