Gia ya Kartik Inayojibadilisha Saa Kumi Jioni

Gia ilibadilika yenyewe.

Baiskeli ipo kwenye stendi, hakuna mkono wa mtu karibu, mara nasikia "zzii, tak!" Naiona kwa macho yangu inasogea.

Jamani, nilijikuta barabarani na spana mkononi.

Naitwa Eliasi, fundi baiskeli hapa Mchafukoge. Mteja wangu Goodluck alichoka na gia za waya, akataka za umeme zisizo na waya. Mpya zilimshinda bei, hata zile za daraja la kati. Nikamtafutia gia ya nyuma iliyotumika, na betri yake. Swichi za kwenye usukani tukaagiza mpya, tukawa tunazisubiri.

Gia yenyewe aliniuzia Mama Kartik, anakaa ghorofa ya kwanza, juu ya karakana yangu. Ilikuwa ya mwanawe. Kartik alifariki mwaka jana kwa homa.

Kesho yake, saa kumi jioni, tena. Tak! Keshokutwa, saa ileile.

Ndiyo saa aliyokuwa akitoka Kartik na baiskeli yake.

Anifa, muuza chai wa jirani, alinipasha.

"Vitu vya marehemu hivyo. Rudisha!"

"Goodluck anaichukua Ijumaa, ana mashindano."

"Kwa hiyo unampa mzuka ashuke nao mlima Pugu? Akivunjika shingo?"

Hilo ndilo lililoninyima raha. Gia ikiruka yenyewe mteremkoni, mtu anakwenda chini.

Swichi mpya zikafika Alhamisi. Kabla sijazifunga nikajikaza kisabuni, nikapanda juu kwa Mama Kartik, saa kumi ikikaribia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba Eliasi. Pita ndani."

Chini ya picha ya Kartik kulikuwa na usukani wake, na swichi zake mbili. Mama akaupangusa kwa kitambaa, kisha akabonyeza.

Chini kwangu: zzii, tak!

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Fundi mzima, nimefunga gia bila kuitenganisha na swichi zake za zamani! Ilikuwa bado inazitii.

"Mama, kumbe ni hizi! Nilidhani mzuka. Leo naiunganisha na swichi mpya, haitasumbua tena."

Yeye hakucheka.

"Najua ni swichi, mwanangu. Kartik alinionyesha." Akabonyeza tena, akasikiliza. "Watu wa Upanga walikuja kuitaka, nikawanyima. Nikakupa wewe kwa sababu upo hapa chini. Nilijua nitaisikia."

Kicheko kiliniishia.

"Mama, inaondoka kesho. Nikiiacha hivi, mtu ataumia."

"Basi nenda kafanye kazi yako."

Nikashuka. Nikasubiri kidogo. Ikalia mara moja, ikalia mara ya pili. Nikaiunganisha na swichi mpya.

Baadaye akaita kutoka dirishani.

"Eliasi? Umeshafanya?"

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo maana siisikii tena."

Akafunga dirisha.

Ndugu zangu, kabla hamjafukuza mzuka, ulizeni kwanza ni wa nani.