Chupa Zilizomsubiri Baba

Harufu ya zabibu zinazochachuka haifanani na ya ndizi. Ya ndizi naijua tangu tumboni, maana sisi ni watu wa Kagera. Ile ya zabibu ilikuwa kali na tamu kwa pamoja, ikitoka chumba cha ndani cha nyumba yetu ya Kirumba, Mwanza, ikipambana na harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni na kuishinda. Nilikuwa darasa la tano. Hadi leo ikinipata mahali, hata dukani, mwili hunisisimka.

Mwaka ule kiwanda cha pamba alikofanya kazi Baba kiliuzwa, wafanyakazi wakapunguzwa. Baba akaenda Geita kutafuta dhahabu, akiahidi kurudi kabla ya sendofu, sherehe ya kumuaga dada Koku aliyekuwa akiolewa. Mjini nako maduka yalikuwa yamejaa vitu vya nje, na sherehe isiyo na shampeni ilionekana msiba. Mama hakuwa na uwezo wa kununua shampeni, ila kiburi alikuwa nacho, Mungu ambariki. Jirani yetu aliyefanya kazi relini alimletea zabibu za Dodoma. Akazikamua pamoja na mananasi yaliyovushwa ziwani kutoka Kamanga, akatia sukari na hamira, akafunika pipa kwa kanga. Mvinyo ukiwa bado unachachuka akaujaza kwenye chupa nene, akakaza vizibo kwa waya ili gesi ibaki humo humo.

Kosa lake lilikuwa la mtu aliyelelewa na pombe ya ndizi. Kwetu pombe haiguswi kabla mwenye nyumba, yaani baba wa familia, hajaonja, na kwa kuwa ya ndizi huiva leo ikanywewa kesho, kumsubiri si kazi. Mvinyo wa chupa ni kitu kingine, uliendelea kuumuka. Wiki zikapita, Baba hana barua, hana salamu, na waliotoka Geita walisimulia shimo lililoporomoka na watu ambao hakuna aliyejua majina yao. Mchana mmoja tukiwa tunakula, chupa ya kwanza ikapasuka. Mama aliinuka mbio, lakini hakwenda chumbani. Alikwenda mlango wa mbele, akafungua, akachungulia nje kama aliyesikia hodi, kisha akarudi kuketi. Ikawa hivyo kila chupa ilipopasuka. Niliziogopa chupa, lakini nilimwogopa Mama zaidi.

Asubuhi ya sendofu zilikuwa zimebaki chache. Baba mdogo, aliyemfuata Baba kuzaliwa, alisimama sebuleni akamwambia Mama, “Shemeji, tufungue hizi zilizobaki. Jioni wageni watakunywa nini?”

“Mwenye nyumba hajaonja.”

“Basi nionje mimi kwa niaba yake.”

“Wewe si mwenye nyumba.”

Dada Koku, rola za nywele zikiwa kichwani, akaanza kulia. “Mama, sema basi. Baba yuko wapi?”

Mama aliziendea chupa. Akachukua moja, akakata waya, mapovu yakamrukia mikononi. Akajaza glasi. Kwetu aliye hai hupewa kinywaji mkononi, aliyekufa humwagiwa chini. Mama alitembea mpaka mlangoni akaimimina glasi yote kizingitini. Baba mdogo akavua kofia. Koku akafuta machozi. “Haya,” Mama akasema, “zilizobaki wapeni wageni.” Jioni wageni walikunywa, wakausifu mkono wake.

Siku hizi shampeni imejaa kila duka Mwanza, na mtu asipopokea simu kutwa nzima tunaanza kuwasumbua ndugu wote. Baba hakurudi, na hakuna aliyetuletea mwili wala habari. Matanga hatukuweka. Mama amezeeka na hazungumzii asubuhi ile. Mimi ndiye ninayelala na swali la siku ile. Kama saa ile Baba alikuwa hai, mahali fulani akihangaikia nauli ya kurudi kwetu, basi tulimzika angali anapumua, na jioni yake tukacheza muziki.