Koleo la Karani wa Hataza

Mwaka ule wa barakoa, karani wa dirisha la hataza, yaani hati za haki ya uvumbuzi, alipokea maombi ya wavumbuzi kwa koleo la kuchomea nyama. Kila bahasha aliipulizia dawa, akailaza siku tatu kwenye sanduku, ndipo aigonge muhuri wa tarehe. Mikono yake ilinuka spiriti hadi nje ya kioo. Alitunza karatasi zisiugue.

“Igonge leo, kaka,” alisihi Odile Charbonneau, muuguzi mstaafu aliyebuni kibanio cha barakoa. “Kuna kiwanda kinakimbilia kitu hichohicho. Mwenye tarehe ya kwanza ndiye anayepewa hataza.”

“Bahasha nayo inakaa karantini, mama.”

“Nimeuguza kifua kikuu miaka thelathini, leo unifundishe vijidudu?”

“Basi kusubiri umeshazoea.”

Kijana wa mgahawa akaleta chipsi za mchuzi na jibini. Karani alizipokea kwa mikono mitupu, akashusha barakoa zake mbili, akala palepale, huku Odile akiitazama saa ya ukutani. Alipokwisha kulamba kidole cha mwisho, aliokota koleo, akaibana bahasha ya Odile kwa uangalifu mkubwa, akailaza sandukuni.